Uji wa Kilomita ya Nane

Flaviana Chidosa alikufa Jumamosi, saa moja na dakika arobaini na tano asubuhi, kando ya barabara ya Msalato, Dodoma, akiwa amevaa viatu vya mbio ambavyo bado vilinukia duka. Alikuwa na miaka ishirini na saba, karani wa masjala katika wizara moja, na alikuwa ameanza kukimbia miezi minne tu iliyopita. Mkono wake wa kulia ulishika chupa ya plastiki yenye kifuniko cha kijani.

Chupa ilikuwa tupu. Tupu kabisa, kama iliyolambwa.

Inspekta Debora Ndahani alishuka kwenye gari la polisi kwa awamu: kwanza mguu wa kushoto, halafu pumzi, halafu mguu wa kulia. Magoti yake yalistaafu kabla yake. Alimwangalia marehemu kwa muda mrefu, kisha akawaangalia walio hai. Walikuwa kumi na wanane, wote na fulana za njano za Klabu ya Mbio ya Chang'ombe, wamejikusanya pamoja kama kuku waliomwona mwewe.

Koplo Respicius alizungusha utepe, akapiga picha, akaitia chupa kwenye mfuko wa vielelezo. Halafu, kwa kuwa ni mtu anayeamini kwamba hakuna msiba usiohitaji kitu mdomoni, akatoa katoni ya maji garini na kuwagawia wote. Wote walikunywa, isipokuwa kocha. Kocha Brighton aliipokea chupa yake, akamkabidhi mwenzake bila kuifungua, akasema yuko kwenye maombi. Alikuwa na kifua kipana na midomo iliyopasuka kama tope la Oktoba.

"Ulimwona akianguka?" Debora alimwuliza.

"Nilikuwa nyuma yake hatua hamsini, afande."

"Kabla ya kuanguka?"

"Alitapika. Akatetemeka. Akashika kifua."

"Alikunywa nini?"

"Uji. Uji wa uwele wa mama yake. Kilomita ya nane wote wanakuta chupa zao, yeye akanywa wake." Brighton alitikisa kichwa. "Nilimwonya tangu mwanzo. Mtu anayeanza mbio ndefu bila virutubisho anajichimbia. Alinicheka."

"Unafikiri uji ndio umemuua?"

"Sumukuvu, afande. Uwele ukishika ukungu ni sumu. Kila mtu anajua."

Debora hakuandika kitu. Mtu anayeleta jibu kabla ya swali humpunguzia polisi kazi moja na kumwongezea nyingine.

Ilipofika saa nne, jibu hilo lilikuwa limefika mjini kabla ya maiti. Sauti ya kocha ilizunguka katika makundi ya simu, ikieleza kwa huzuni jinsi uji wa nyumbani ulivyomaliza binti wa watu. Chang'ombe nzima iliisikia. Waliokuwa na unga wa uwele wakawamwagia kuku. Wenye huruma na kuku wakaumwaga chooni.

*

Nyumba ya Emilia, mama wa marehemu, ilikuwa chumba na sebule nyuma ya duka la vocha na sabuni. Wafiwa walikuwa wengi, ila walikaa upande wa pili wa ua, na sufuria za msiba zilichemka kwenye mafiga ya jirani. Mafiga ya Emilia yalikuwa baridi. Ndani, katikati ya sebule, debe la unga lilisimama peke yake kama mshtakiwa.

Debora alivua viatu, akaketi mkekani kwa shida.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Emilia hakumwangalia. Alilitazama debe. "Ni mimi?"

Debora alimwomba aeleze tangu mwanzo, naye akaeleza bila kulia, kama mtu anayesoma barua ya mwingine. Uwele ulitoka kijijini kwao Haneti wiki mbili zilizopita. Gunia lilipigwa na mvua juu ya lori. Aliuanika siku tatu, akaupepeta, akaunusa, akaupeleka mashine. Siku ile alipika saa kumi na moja alfajiri, akatia ubuyu kidogo kwa sababu Flaviana alipenda uchachu, akajaza chupa. Hakikubaki hata kijiko. Sufuria akaiosha.

"Niliunusa," alisema. "Lakini pua ya kizee nayo ni shahidi gani?"

"Flaviana hunywa uji wote?"

Hapo ndipo uso wa mama ulipobadilika. Alisema mwaka ule wa njaa, Flaviana akiwa darasa la kwanza, alimwaga nusu kikombe cha uji mlangoni. Emilia alimchapa mpaka fimbo ikakatika, akamwambia chakula hakimwagwi, hata kiwe kibaya namna gani. Tangu siku hiyo mtoto hakumwaga tena.

"Kwa hiyo hata kama aliona hauko sawa, aliumaliza. Kwa sababu yangu. Mara mbili ni mimi."

Tangu asubuhi hakuwa ametia kitu kinywani. Mazishi yalipangwa Jumanne, Haneti. Ndugu walishakodi gari.

"Siendi," alisema Emilia. "Muuaji hatupi udongo kaburini. Mkishajua mniambie, ndipo nitajua kama nina haki ya kumzika."

Debora angeweza kusema pole. Alikwisha sema pole nyingi katika miaka ishirini na sita ya kazi, na hajawahi kuona hata moja iliyomfufua mtu.

"Nipe mpaka Jumanne asubuhi," alisema.

Respicius alichukua sampuli ya unga, akaifunga, akaitia muhuri. Walipotoka, mwanamke mmoja wa upande wa pili alijifunika pua kwa kanga sampuli ilipopita mbele yake.

*

Daktari Thomas, aliyefanya uchunguzi wa maiti mchana ule, alikuwa mtu mkavu asiyependa hadithi.

"Si sumukuvu," alisema. "Sumukuvu hula ini. Ikimpata mtu vibaya anaumwa siku kadhaa, macho yanakuwa ya njano. Ini la binti huyu lilikuwa la kufundishia wanafunzi. Moyo ndio ulikwenda mbio mpaka ukapoteza njia."

"Kwa nini?"

"Sumu ya kusisimua mwili, nadhani. Nasema nadhani. Maabara ndiyo itasema."

Debora aliufikia mlango, akageuka. "Daktari, anayeanza kukimbia anahitaji hivyo virutubisho vya kopo?"

Thomas alivua miwani. Alisema anayeanza anahitaji kula ashibe, kunywa maji, kulala, na kutokuwa na haraka. Kama damu imepungua, apimwe kwanza, ndipo aandikiwe dawa yake. Uji, maharage, mlenda, karanga na yai vinamtosha mtu wa kilomita ishirini na moja.

"Kumpa kopo mtu aliyeanza jana," alisema, "ni kumpaka punda mistari ukitegemea atakimbia kama pundamilia."

Kwa Daktari Thomas, hicho kilikuwa kichekesho cha mwaka.

*

Jumapili, baada ya ibada, Debora alimkuta Halfani kijiweni, amekaa juu ya bodaboda yake. Kazi yake kwa klabu ilikuwa moja: kila Jumamosi alibeba chupa za wakimbiaji kwenye kreti na kuzipanga kilomita ya nane, juu ya jiwe, kila moja na alama ya mwenyewe. Flaviana, kifuniko cha kijani.

"Chupa ulizipokea wapi?"

"Bandani kwa kocha, afande. Wanaziweka mezani saa kumi na mbili kasoro, wanaenda kunyoosha viungo uwanjani. Mimi nilienda kutia mafuta. Nikarudi, nikabeba."

"Nani alibaki na chupa?"

"Kocha. Si ndiye anayewachanganyia unga wake wa kopo?"

"Anapimaje?"

Halfani alicheka kidogo, akajizuia, kwa kuwa kuna maiti. Alieleza kwamba kikombe kidogo cha kupimia kilichokuja na kopo la kwanza kilipotea zamani. Kocha hupima kwa ulimi. Anatia, anatikisa, anadondoshea kiganjani, analamba.

"Kama mama anayepima chumvi. Ulimi ukifa ganzi kidogo anasema tayari. Anajisifu mizani hiyo haijawahi kumdanganya."

"Jumamosi alilamba?"

Halfani alifungua mdomo ajibu, akaufunga. Akafikiri.

"Hakulamba. Nilimkuta anafunga kifuniko cha mwisho, nikamtania, leo huonji? Akasema yuko kwenye mfungo mkavu, siku ya tatu. Hali, hanywi." Akatikisa kichwa. "Mimi nafunga Ramadhani, afande, naijua habari hiyo. Mpishi anayeogopa kuonja anakisia. Na futari ya kukisia ndiyo inayokuwa chumvi tupu."

Debora aliandika maneno hayo yote, neno kwa neno.

"Kifuniko cha mwisho kilikuwa cha rangi gani?"

"Sikuangalia. Kumwangalia Kocha Kopo asubuhi si jambo la kutamani."

"Kocha nani?"

Basi Halfani akalazimika kueleza na hilo. Mwanzoni klabu nzima ilitumia unga wa kocha, kwa sababu aliwaambia anayeanza hafiki popote bila huo. Flaviana alikuja na chupa yake ya uji. Kocha akamhutubia mbele ya wote. Flaviana akamsikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha akasema: "Kocha, babu yangu alifukuzana na ng'ombe kutoka Haneti mpaka Kondoa, na hakuna aliyemfungulia kopo." Watu walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Tangu siku hiyo jina likawa Kocha Kopo. Wiki ya sita Flaviana alimpita kila mwanamke katika klabu, na wanaume wanane. Kopo likaanza kukimbiwa. Hata bodaboda kijiweni walikuwa wakimwona kocha wanagonga makopo ya rangi.

"Mpaka juzi nani alikuwa bado anatumia unga?"

"Cecilia tu, nadhani. Huyo ana huruma."

Cecilia, mwalimu wa chekechea, alithibitisha yote, na akaongeza lake. Jumamosi maji yake yenye unga yalikuwa machungu kama mwarobaini. Alipiga funda moja, mikono ikamtetemeka mpaka adhuhuri, moyo ukampiga kama ngoma ya mtu mwingine.

"Na maji yaliyobaki?"

"Niliyamwaga, dada. Nani anakunywa kitu kama kile?"

Debora aliikumbuka ile chupa ya kifuniko cha kijani, iliyokuwa kama imelambwa.

*

Jumatatu asubuhi walikwenda kwa Brighton na hati ya upekuzi. Chumba kilikuwa safi. Ukutani medali mbili za zamani, Biblia mezani, na chini ya kitanda kopo kubwa lisilo na lebo, na ndani yake kijiko cha chakula.

Debora alivaa glavu, akamulika kwa tochi. Unga ulikuwa mweupe kama chokaa. Juu yake, karibu na kijiko, palikuwa na vidonge vidogo vilivyoganda, vya rangi ya kijivu iliyofifia.

"Respicius, unaona nini?"

"Unga, afande."

"Una mke?"

"Ninaye."

"Akikuta kijiko kibichi kimerudishwa kwenye kopo la sukari, kina majani ya chai, anasemaje?"

"Hasemi, afande. Anarusha."

"Sasa tazama tena."

Respicius alitazama tena, na safari hii aliona. Akachota vile vidonge kimoja kimoja kwa kibanio, akavifunga kama dhahabu.

Kwa kawaida majibu ya maabara huchukua siku nyingi. Debora alikwenda mwenyewe, akakaa kwenye benchi la mapokezi na chupa ya chai na maandazi sita, akawasalimia wataalamu kila walipopita, akauliza habari za watoto wao kwa majina. Saa tisa walimpa majibu ili aondoke.

Mabaki katika chupa ya kifuniko cha kijani: kafeini, kali kiasi kwamba chupa nzima ingeua watu wawili. Unga wa kopo: kafeini karibu tupu. Vidonge vya kijivu: uwele na ubuyu, uliopikwa. Unga wa debe la Emilia: salama, hauna sumukuvu.

*

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza, viti vitatu na joto. Debora alimwonya Brighton kwa mujibu wa sheria, kwamba halazimiki kusema, na atakachosema kitaandikwa. Halafu akamwekea kikombe cha maji.

"Kunywa."

"Nimefunga, afande."

"Siku tatu zilikwisha Jumamosi."

"Nimeongeza."

"Katika klabu yako nani anakunywa uji wa uwele?"

"Flaviana."

"Na mwingine?"

"Peke yake."

"Flaviana alitumia unga wako?"

"Hata siku moja. Aliudharau."

Debora aliweka picha mezani, akaisukuma kwa kidole. "Huu ni uwele, Brighton. Umetoka ndani ya kopo lako. Kijiko kiliingia kwenye chupa yake kikavu, kikatoka kibichi, kikarudi kwako na ushahidi. Wewe hujafunzwa na mwanamke yeyote kwamba kijiko kibichi hakirudi koponi?"

Kocha alitazama picha.

"Vijiko vingapi? Cecilia naye ulimtilia, akamwaga, yuko hai. Flaviana vingapi?"

"Viwili," alisema Brighton.

Respicius, aliyekuwa akiandika, alisimamisha kalamu, kisha akaandika.

Baada ya hapo maneno yalitoka yenyewe. Alisema zamani kafeini alikuwa akiipata imechanganywa na glukosi. Kopo hili jipya lilikuwa kafeini tupu. Aliambiwa ni kali. Alidhani kali ni kama pilipili, kwamba inawasha tu.

"Ungeonja ungejua," alisema Debora.

"Ningejua. Ulimi wangu haujawahi kukosea."

"Kwa nini hukuonja?"

"Nilikuwa nimefunga."

Feni ya darini ilizunguka bila kupunguza joto.

"Ulifunga ukiomba nini?"

Brighton alijifunika uso. "Mashindano ya mwezi ujao. Wote kumi na tisa wamalize salama."

Respicius alitoka nje kidogo, akarudi macho mekundu, akadai ni vumbi.

"Sasa niambie ulichotaka," alisema Debora.

"Nilitaka atapike." Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtoto aliyefumaniwa. "Atapike tu, mbele yao. Atetemeke miguu, wamwone. Halafu ningemshika mkono, ningempa kopo, na angesema, kocha, ulikuwa sahihi. Basi. Nimekimbia miaka kumi na tano, afande. Nina medali mbili. Nikipita barabarani wanagonga makopo."

"Na ile sauti uliyotuma, ya sumukuvu. Uliirekodi saa ngapi? Simu yako inasema saa mbili kasoro dakika tano. Dakika kumi baada ya kufa."

"Alikuwa bado wa moto," alisema Brighton. "Niliogopa."

"Uliogopa, ukamchukua mama yake ukamweka mahali pako."

Jioni ile alipelekwa mahakamani kwa mlinzi wa amani, anayepokea maungamo, akarudia ungamo lake mbele yake, likaandikwa, akatia sahihi. Kama ni kuua kwa kukusudia au bila kukusudia, hilo wangelijua wenye majoho. Kabla ya kuingizwa mahabusu aliomba maji. Alikunywa vikombe vinne.

*

Jumanne asubuhi Debora alimkuta Emilia palepale mkekani, debe palepale. Akamweleza yote, polepole. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo uji ulikuwa mzima."

"Ulikuwa mzima, mama. Karatasi ya maabara hii hapa."

Emilia alisema karatasi aisome anayejua kusoma kizungu cha hospitali. Lakini alisimama, akajifunga kanga, na akasema twende. Debe akalibeba mwenyewe, akakataa kusaidiwa.

Haneti walimzika Flaviana saa nane, jua likiwa kali. Emilia alitupa udongo, konzi moja, halafu nyingine. Watu waliutazama mkono wake kwa jicho la shaka. Karatasi ilishasomwa na mwenyekiti wa kijiji kwa sauti kubwa, kila mtu akaitikia, na hakuna aliyeamini. Sauti ya kwenye simu huenda mbali kuliko karatasi. Baada ya mazishi chakula kililetwa kutoka nyumba ya tatu.

Debora alivuta kigoda, akakaa uani kwa kina Emilia, mbele ya mafiga yaliyoachwa baridi, mahali ambapo kila mtu alimwona.

"Mama, nimetoka Dodoma na njaa. Nipikie uji."

Respicius alimwangalia mkuu wake, akaliangalia debe, akameza mate, kisha naye akavuta kigoda. "Na mimi, mama. Kikombe kikubwa."

Emilia aliwasha moto. Alifungua debe, akakoroga unga kwa maji baridi, akamimina kwenye sufuria, akageuza mwiko taratibu mpaka mapovu mazito yakaanza kupasuka. Akatia ubuyu. Wanawake waliokaa mbali na mafiga walisogea, mmoja mmoja, wakijifanya wanatafuta kivuli.

Debora alinyoosha kikombe. Emilia hakumpa.

Aliinua mwiko, akadondoshea uji kiganjani, akaupuliza. Tangu Jumamosi kinywa chake hakikuwa kimeonja kitu. Akaulamba, wote wakimwangalia, akafumba macho.

"Umeiva," alisema, akamjazia kikombe.